Jani Halizeeki kwa Kuchoka: Protini Zinazotoka Nje ya Seli na Maisha ya Mmea



Tazameni shamba la maharage lililobakiza wiki chache kung'olewa. Majani ya chini hugeuka manjano kwanza, yakafuata ya katikati, yakamalizia ya juu. Ndani ya jani moja nako kuna mpango: kijani hutoweka kwenye nafasi zilizo kati ya vishipa, na kandokando ya vishipa vyenyewe hubaki hadi mwisho. Udongo unaweza kuwa na unyevu wa kutosha, mbolea ikawepo, mdudu asionekane, na bado jani likaenda. Husemwa limechoka. Mimi nimekuja kusema kwamba jani hilo liko kazini, tena katika kazi nzito kuliko zote lilizowahi kufanya, na kwamba limeingia kazini kwa sababu limeambiwa.

Limeambiwa na nani, na kwa njia gani? Sehemu ya jibu imo katika protini ndogondogo ambazo seli huzitengeneza ndani yake, ikazitoa nje, na seli ya jirani ikazipokea. Protini za aina hiyohiyo huamua ncha ya mmea itoe viungo vingapi, nyanya iwe na vyumba vingapi vya mbegu, na gunzi la hindi libebe mistari mingapi. Nitazungumza juu ya kukua na kuzeeka kwa pamoja, kwa kuwa katika mmea mambo haya mawili hupitia mlango mmoja.

Tuanze na kazi yenyewe. Sehemu kubwa ya protini ya jani imo katika kloroplasti, yaani mitambo ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Jani linapoingia uzeeni, mitambo hiyo hubomolewa kwanza. Klorofili huvunjwa, protini hukatwakatwa kuwa asidi amino, na naitrojeni, fosforasi na madini mengine hupakiwa kwenye mishipa na kupelekwa kwenye mbegu, kwenye kiazi au kwenye majani machanga. Kiini cha seli, kilichobeba jeni, na mitokondria, zinazotoa nishati, huachwa hadi mwisho, maana zikitangulia kuvunjwa kazi itakwama njiani. Ni kama familia inayohama nyumba: vyombo hutangulia kutoka, mabati huezuliwa baadaye, na taa ya sebuleni huzimwa na mtu wa mwisho. Jani lililouawa ghafla na dawa ya magugu halipati nafasi hiyo. Hukauka na mali yake ndani, na mbegu hazipati kitu.

Sasa fikirini tatizo linaloukabili mmea. Hauna ubongo wala mishipa ya fahamu. Seli zake haziwezi kuhama kama chembe za damu zinavyosafiri mwilini mwetu. Kila moja imezaliwa mahali pake na itafia hapohapo, imezungukwa na ukuta mgumu wa selulosi na pektini. Hata hivyo mamilioni ya seli hizo hukubaliana. Hukubaliana kwamba hapa patoke ua, pale patoke tawi, na jani la tatu kutoka chini lianze kuvunjwa leo.

Njia mojawapo ya makubaliano hayo hupita nje ya seli. Protini inayokusudiwa kutoka huanza kutengenezwa na ribosomu ikiwa na kipande cha mbele kinachoonyesha kwamba haikusudiwi kubaki ndani. Kwa kipande hicho huingizwa katika mfumo wa utando uliokunjamana ndani ya seli, hupita sehemu iitwayo Golgi, kisha husafirishwa katika vifuko vidogo hadi kwenye utando wa nje na kumwagwa kwenye ukuta. George Palade alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974 pamoja na wenzake wawili kwa kazi zilizofungua njia hii, na Günter Blobel akapata yake mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba ndani yake ishara ya mahali inapokwenda. Wote wawili walifanya kazi kwa seli za wanyama, lakini njia hiyo ni moja kwa mimea na wanyama, na kwangu mimi huo ni ushahidi mzuri wa jinsi viumbe tulivyo ndugu.

Nyingi ya protini ninazozizungumzia hutoka zikiwa ndefu, kisha hukatwa zikabaki vipande vya asidi amino tano, kumi na mbili, au kumi na nane. Vipande hivyo huitwa peptidi. Vingine hupachikwa salfeti, vingine sukari. Mpachiko huo si pambo, kwa sababu ukikosekana jirani hapokei ujumbe kama inavyotakiwa. Jirani naye ana vipokezi, protini zilizopenya utando wake, sehemu moja ikichungulia nje na nyingine ikiwa ndani. Mmea mdogo wa maabara unaoitwa Arabidopsis thaliana, ambao wanasayansi wameuchunguza kuliko mmea mwingine wowote, una jeni zaidi ya 600 za jamii hiyo ya vipokezi. Mmea wenye masikio mengi kiasi hicho lazima unasikiliza jambo.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeyatafuta maneno hayo. Insulini, homoni ya protini katika mwili wa mwanadamu, ilipatikana Toronto mwaka 1921, na baada yake homoni nyingine nyingi za namna hiyo. Mimea ilihesabiwa kuwa na homoni tano tu, zote molekuli ndogo zisizo protini: oksini, jiberelini, sitokinini, asidi absisiki na gesi ya ethilini. Wanafunzi walifundishwa hivyo miaka na miaka, na tano zikatosha kujibu maswali ya mitihani.

Mlango ulifunguliwa na wadudu. Mwaka 1972, Clarence Ryan na mwenzake T. R. Green, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington huko Pullman, Marekani, walionyesha kwamba mbawakawa anapotafuna jani moja la kiazi au la nyanya, mmea hujaza majani yake protini zinazozuia mmeng'enyo wa chakula tumboni mwa mdudu. Jambo la ajabu ni kwamba hata majani ambayo hayajaguswa hujiandaa. Kumbe kulikuwa na habari iliyosafiri. Iliwachukua karibu miaka 20 ya kusaga majani ya nyanya na kuchuja hatua kwa hatua, hadi mwaka 1991 Gregory Pearce, Ryan na wenzao walipotangaza kwamba kichocheo walichokitafuta ni peptidi ya asidi amino 18, inayokatwa kutoka protini kubwa yenye asidi amino 200. Wakaiita sistemini. Hii ndiyo peptidi ya kwanza kutambuliwa katika mmea kuwa inatoa ishara.

Haki inanitaka niongeze maneno mawili. Kwanza, protini mama ya sistemini haina kile kipande cha mbele nilichokieleza, kwa hiyo kutoka kwake nje kunafuata njia nyingine. Pili, mwaka 2002 majaribio ya kubebesha kikonyo cha nyanya ya aina moja juu ya shina la aina nyingine yalionyesha kwamba habari inayosafiri mbali inahusiana na homoni nyingine, asidi jasmoniki, na kwamba sistemini huikuza pale jeraha lilipotokea. Hadhi ya ugunduzi haikupungua kwa hilo. Baada ya 1991 hakuna aliyeweza tena kusema kwamba mimea haitumii protini ndogo kuzungumza.

Kutoka hapo nataka twende Japani, Nagoya, kwa sababu ndiko kukua na kuzeeka kulikokutana.

Wanaolea seli za mimea kwenye chupa wanajua jambo hili: ukiweka seli nyingi pamoja katika maji ya virutubisho, zinagawanyika, ukiweka chache, zinakaa tu, hata kama chakula ni kilekile. Lakini ukizipa hizo chache maji ambamo seli nyingi zilikuwa zimeishi, zinaamka na kuanza kugawanyika. Maji hayo yana kitu ambacho seli zimekitoa. Yoshikatsu Matsubayashi na Youji Sakagami walichukua maji ya seli za asparaga, wakayachambua, na mwaka 1996 wakaeleza kilichomo: peptidi ya asidi amino tano tu, mbili kati yake zikiwa zimepachikwa salfeti. Huitwa fitosalfokini. Mwaka 2002 walipata kipokezi chake katika seli za karoti.

Hebu tulitafakari hilo kidogo kabla ya kusonga. Seli ya mmea ina kila kitu cha kuiwezesha kugawanyika: jeni zote, chakula, maji, joto linalofaa. Lakini haigawanyiki ikiwa peke yake. Inangoja dalili kwamba wenzake wapo. Ninapowafundisha wanafunzi husimama hapa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, maana ukilielewa jambo hili umeacha kuuona mmea kama rundo la mitambo inayofanya kazi kila mmoja kivyake.

Mwaka 2006 Matsubayashi na wenzake walichapisha kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa mada hii. Walichukua Arabidopsis isiyo na kipokezi kimoja cha fitosalfokini. Ukiwa mchanga, mmea huo ulikua kama wenzake. Kadiri siku zilivyosonga, seli zake zikaanza kupoteza uwezo: ukikata kipande cha tishu yake iliyokomaa na kukiweka kwenye chupa, hakikuweza tena kutoa tishu mpya kama ilivyotakiwa. Na majani yakazeeka mapema. Kisha wakaotesha mimea yenye kipokezi hicho kwa wingi kuliko kawaida. Ikawa kinyume: majani yalidumu zaidi, na seli zake zikabaki na nguvu ya kuanza upya. Peptidi ileile iliyoamsha seli chache kwenye chupa za Nagoya ndiyo inayosaidia seli iliyokomaa isizeeke kabla ya wakati.

Miaka mitatu baadaye, 2009, kundi hilohilo likapata kimeng'enya kinachopachika salfeti kwenye peptidi za namna hii. Mmea uliokosa kimeng'enya hicho ulikuwa kibete, mizizi mifupi, majani yamepauka, vishipa vichache, maua machache, na uzee wa mapema. Angalieni madhara yanavyofuatana. Jeni iliyoharibika ni moja, inayohusika na kupachika salfeti tu, lakini kilichoharibika ni ukuaji na uzee kwa pamoja, kwa kuwa peptidi kadhaa zilikwenda kwa majirani zikiwa hazijakamilika.

Hivyo mtu akiniuliza jani huzeeka kwa nini, humjibu kwamba sehemu moja ya jibu ni hii: jani hubaki changa muda wote linapoendelea kuambiwa libaki changa. Ujana wa seli hulindwa kutoka nje.

Tuache majani tupande juu, hadi kwenye ncha ya shina. Hapo kuna kundi dogo la seli shina, ambazo mmea wote wa juu ya ardhi hutokana nazo. Zikipungua mno, mmea unakoma kutoa viungo vipya. Zikizidi, shina linatanuka, maua yanakuwa na sehemu nyingi kupita kiasi, na mmea unapoteza umbo. Nani anazihesabu? Mwaka 1999 Jennifer Fletcher, Elliot Meyerowitz na wenzao wa California walieleza jeni iitwayo CLAVATA3, inayotengeneza protini ndogo inayotoka nje ya seli. Seli za juu ya ncha huitoa. Seli za chini yake huipokea na kupunguza nguvu ya jeni nyingine, WUSCHEL, ambayo kazi yake ni kudumisha seli shina. WUSCHEL nayo ndiyo inayoziwezesha seli za juu kuendelea kutoa CLAVATA3. Mmoja humsukuma mwenzake, na mwenzake humrudisha nyuma. Kufikia mwaka 2000 mzunguko huu ulikuwa umeelezwa, na sasa unafundishwa katika kozi nyingi za elimu ya mimea. Hakuna seli inayojua idadi ya jumla, na bado idadi haipotei.

Hapa ndipo sayansi hii ilipokutana na kazi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Nyanya pori na nyanya ndogo za kale zina vyumba viwili vya mbegu. Nyanya kubwa zenye mbavu, zile ambazo moja hutosha mchuzi wa watu wawili, zina vyumba vingi. Wakulima wa Amerika walizichagua kizazi baada ya kizazi, wakihifadhi mbegu za tunda lililowapendeza. Mwaka 2015 Zachary Lippman na wenzake wa Cold Spring Harbor, Marekani, walionyesha walichokuwa wamekichagua. Badiliko moja maarufu la nyanya kubwa linatokana na kipande cha kromosomu kilichopinduka na kuvuruga sehemu inayoiongoza CLAVATA3 ya nyanya. Jeni yenyewe ni nzima, lakini ujumbe wake hutoka kwa kiasi kidogo. Ncha inakuwa pana kidogo, ua linakuwa na vyumba zaidi, tunda linakuwa kubwa. Badiliko lingine la kale liko karibu na WUSCHEL, yaani upande wa pili wa mzunguko uleule. Kazi hiyo ilionyesha pia kwamba peptidi hiyo inahitaji mnyororo wa sukari ya arabinosi, jambo ambalo kundi la Matsubayashi lilikuwa limelieleza kwa Arabidopsis mwaka 2009. Nyanya zilizokosa vimeng'enya vya kuipachika hutoa maua yaliyojaa sehemu kupita kiasi.

Kwenye mahindi hadithi ni hiyohiyo. Yeyote aliyewahi kupukuchua mahindi anajua kwamba mistari ya punje kwenye gunzi huwa shufwa, 12, 14, 16. Idadi hiyo hutegemea upana wa ncha ya kitoto cha hindi kikiwa bado kidogo mno kuonekana kwa macho. Kipokezi cha ujumbe kikiharibika kabisa, gunzi linakuwa bapa, limepasukapasuka nchani, punje zimetapakaa bila mpango, halifai. Kikidhoofika kidogo, mistari inaongezeka na gunzi linabaki na umbo lake. David Jackson na wenzake walionyesha hilo mwaka 2013 kwa jeni ya kipokezi iitwayo FEA2, na mwaka 2021 wakaenda mbele zaidi: badala ya kuharibu jeni za peptidi zenyewe, walihariri sehemu zinazopima kiasi chake, na wakapata mahindi yenye mavuno bora. Ninaona hapo fundisho la uboreshaji wa mbegu ambalo watafiti wetu wa mahindi wanapaswa kulishika: manufaa yako katika kupunguza sauti, na kunyamazisha kabisa ni hasara.

Zipo protini nyingine za nje ya seli ambazo hazibebi ujumbe. Zinafanya kazi ya mikono. Ekspansini, zilizotambuliwa mwaka 1992 katika maabara ya Daniel Cosgrove kwa kutumia vishina vya miche ya matango, hulegeza ukuta ili seli iweze kutanuka kwa shinikizo la maji yaliyo ndani yake. Zikilegeza ukuta wa mche, mche unarefuka; zikilegeza ukuta wa nyanya inayoiva, nyanya inalainika. Kazi ni moja, umri wa kiungo ndio unaotofautisha matokeo.

Kulainika huko kunawagusa sana wale wanaosafirisha nyanya kwa matenga kwenye barabara mbovu. Mwaka 1994 kampuni ya Calgene ya California iliuza nyanya iliyobadilishwa kijenetiki ipunguze kimeng'enya kimoja cha ukutani, poligalakturonesi, kwa matumaini kwamba itabaki ngumu. Ugumu haukuongezeka sana, na baada ya miaka michache ikaondoka sokoni. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa kutoka Nottingham, Uingereza, walipunguza kimeng'enya kingine kinachovunja pektini na wakapata nyanya ngumu zaidi bila kuharibu rangi wala ladha. Miaka 22 imepita kati ya kazi hizo mbili. Ukuta wa seli una vimeng'enya vingi vinavyosaidiana, na kukisia kipi ndicho chenye uzito kumegharimu muda na fedha nyingi.

Hata kudondoka kuna protini yake. Mwaka 2003 Melinka Butenko, Reidunn Aalen na wenzao wa Oslo walieleza Arabidopsis ambayo petali zake hazikuanguka kabisa baada ya ua kumaliza kazi. Ilikosa protini ndogo iitwayo IDA, inayotolewa na seli za mstari mwembamba chini ya petali. Ikitoka, seli za mstari huo hulegeza kuta zao na kiungo kinaachia. Bila ujumbe huo, petali hunyauka ikiwa imeshikilia palepale. Kuzeeka na kudondoka ni amri mbili tofauti.

Ujumbe unaosikilizwa na wengi huvutia waigaji. Minyoo wadogo wanaoshambulia mizizi ya soya, Heterodera glycines, hutoa katika mate yao peptidi zinazofanana na zile za jamii ya CLAVATA3. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba jeni ya mnyoo huyo ikiwekwa kwenye Arabidopsis iliyokosa CLAVATA3 inaweza kushika nafasi yake. Mnyoo anazungumza na mzizi kwa lugha ya mzizi, na mzizi unamjengea seli za kumlisha. Kuvu wa Fusarium oxysporum, wanaoleta mnyauko ambao wakulima wa nyanya wanaujua vizuri, wana peptidi inayoiga nyingine ya mimea, RALF, ambayo Pearce na Ryan waliitoa kwenye tumbaku mwaka 2001 na ambayo huzuia mzizi kurefuka. Kazi iliyotoka Córdoba, Hispania, mwaka 2016 ilionyesha kwamba kwa peptidi hiyo kuvu hupunguza asidi kuzunguka mzizi na kupata njia rahisi ya kuingia. Kuvu waliokosa peptidi hiyo walikuwa dhaifu. Nasisitiza hili mbele ya wanafunzi wa magonjwa ya mimea: adui wa shambani amekuwa akisoma somo hili kwa muda mrefu kabla yetu.

Nirudi kwenye uzee, maana huko kazi bado ni mbichi. Arabidopsis ina jeni 32 za jamii ya CLAVATA3, ziitwazo CLE. Mwaka 2022 watafiti wa Qingdao, China, walieleza kazi ya mbili kati ya hizo. Ya kwanza, CLE14, huongezeka jani linapozeeka au linapopata shida ya chumvi na ukame. Ungetarajia iwe inaharakisha uzee. La, inauzuia. Mmea ulioikosa ulizeeka mapema. Ulioongezewa, au uliopewa peptidi iliyotengenezwa maabara, ulikaa kijani muda mrefu zaidi. Hufanya hivyo kwa kuamsha jeni inayosaidia kusafisha kemikali kali za oksijeni zinazolimbikizana katika seli zilizoelemewa. Ya pili, CLE42, huchelewesha uzee kwa kupingana na ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi zilizofunikwa. Maana yake ni kwamba uzee unapoanza, mmea wenyewe hukanyaga breki, ili kazi ya kuhamisha mali isiende kasi kuliko mishipa inavyoweza kubeba. Hayo ya mwisho ni tafsiri yangu, lakini naiona inalingana na yote tuliyoyapitia.

Hapo hamu huwaka. Kama peptidi ya asidi amino 12 inaweza kuliweka jani kijani, si tunyunyizie mashamba yote? Ngano inatupa jibu la tahadhari. Mwaka 2006 Cristobal Uauy, Jorge Dubcovsky na wenzao walieleza jeni ya ngano pori inayoharakisha uzee wa mmea na wakati huohuo kuongeza protini, zinki na chuma katika punje. Ngano nyingi za kisasa zimepoteza jeni hiyo. Walipopunguza nguvu ya jeni za ukoo huo, uzee ulichelewa kwa zaidi ya wiki tatu, na protini, zinki na chuma vya punje vikapungua kwa zaidi ya asilimia 30. Shamba lilibaki kijani na la kuvutia, na chakula kikawa hafifu. Mali ilibaki kwenye majani.

Kwa nchi zetu hili ni suala la sahani. Rwanda imesambaza kwa wakulima wake maharage yaliyoboreshwa kwa makusudi yawe na chuma kingi, kwa ajili ya akina mama na watoto wenye upungufu wa damu. Sehemu ya madini ya punje hutoka kwenye majani yanayovunjwa wakati maganda yanajaa. Mtafiti atakayechukua CLE14 au kipokezi cha fitosalfokini na kuvijaribu kwenye maharage, ili yastahimili ukame wa katikati ya msimu, atakuwa anafanya kazi ninayoitamani kwa moyo wote. Namuomba apime mambo mawili kwa pamoja: kilo zilizotoka shambani, na chuma na zinki vilivyo ndani ya punje. Namuomba pia apime breki inapoachiwa, kwa tarehe, tangu ua la kwanza hadi ganda kukauka, kwa sababu jani linalochelewa siku chache wakati wa ukame na kisha likazeeka upesi maganda yakijaa linaweza kumpa mkulima vyote viwili.